Nimeyafunga kwa Skrubu Madirisha ya Mama Mkwe

Bibi Eustolia mpendwa,

Nasoma majibu yako gazetini kila Alhamisi, na leo nakuandikia mwenyewe nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya duka la vyakula, injini inaunguruma, hewa baridi inanipiga usoni, mtoto kalala kiti cha nyuma, na nimekaa hapa saa nzima kwa sababu nyumbani kwangu, nyumba yenye kiyoyozi kipya, kuna joto kuliko humu garini, na mle ndani kuna mama mmoja ambaye siwezi kumtazama machoni kwa jambo nililomfanyia. Nishike mkono kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi anaondoka. Majina nimeyabadilisha kwa kuwa mtaa wetu wa Ysleta wote ni mashemeji na mawifi, lakini mengine yote ni kweli tupu.

Mume wangu nimwite Rogelio, ni dereva wa malori ya masafa marefu, yuko barabarani siku kumi na nyumbani siku tatu. Mimi si mtu wa huku El Paso, nimezaliwa na kukulia Houston, nikaja Septemba iliyopita tuliponunua nyumba hii, joto likiwa limeshapungua. Oktoba tukamleta mama yake, Doña Herlinda, ana miaka sabini na tisa na moyo wake si mzima, alikuwa anaishi peke yake kule Fabens kwenye nyumba ya bati iliyokaa juu ya matofali, na sote tuliona si salama. Na Bibi, sitaki kumsingizia, majira yote ya baridi tuliishi vizuri. Binti yetu Ximena alipozaliwa Desemba, wiki saba kabla ya siku zake, mimi niliogopa hata kumshika, mama mkwe ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza, akamlaza kifuani kwangu akaniambia, "Hili si yai, mwanangu, ni mtu. Mshike."

Daktari alisema mtoto asiachwe kwenye joto kali hata kidogo. Nyumba ilikuwa na kipoza cha maji tu, lile sanduku kubwa la bati juu ya paa ambalo mimi sikuwahi kuliona likifanya kazi, kwa hiyo Februari Rogelio na rafiki yake wakafunga kiyoyozi cha kweli, mashine yake iko nje ubavuni mwa nyumba, nami nikaizungushia uzio wa matete karibu karibu ili isiharibu sura ya ua. Sanduku la zamani walisema watalishughulikia wikendi nyingine, na wikendi nyingine ndiyo hiyo mpaka leo.

Basi vita vikaanza mwezi huu joto lilipofika nyuzi tisini na nane za Farenhaiti. Asubuhi nafunga nyumba yote, nawasha mashine, naenda kufua, nikirudi baada ya nusu saa nakuta dirisha la chumba cha mtoto limefunguliwa upana wa kiganja, la chumba changu upana wa kiganja, la jikoni vidole viwili. Si kwamba ameyafungua yote wazi, hapana, ni kiganja hasa, kama mtu aliyepima. Nafunga. Nikigeuka, yako wazi tena. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba chumba chake yeye hafungui, anakaa humo dirisha limefungwa kabisa, anatuletea joto sisi tu, na zaidi ya wote anamletea mtoto.

Nilizungumza naye kwa adabu, nakuapia. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, tunapoza barabara nzima hivi."

Akasema, "Nyumba lazima ipumue, mwanangu. Wewe umeifunga kama chupa ya pilipili za siki."

"Itapumuaje na nje ni mia na mbili?"

"Upepo usipopata pa kutokea, utaingilia wapi?" akanijibu, na akanitazama kama vile mimi ndiye niliyepungukiwa akili.

Nikampigia Rogelio. "Ongea na mama yako."

"Yesenia, ni mtu mzima yule, mvumilie."

"Nimvumilie mpaka mtoto aive?"

"Niko Amarillo, mpenzi wangu. Unataka nigombane na dirisha kwa simu?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Jumapili moja Doña Herlinda alikwenda misa na jirani, mimi nikachukua drili ya Rogelio, mtoto nimembeba kifuani, nikapiga skrubu kwenye fremu za madirisha yote manane, pamoja na la chumbani kwake. Nilipomaliza nikajiona mshindi kwa muda wa dakika kumi hivi. Aliporudi akaenda moja kwa moja chumba cha mtoto, mkoba bado uko mkononi, akasukuma dirisha, likagoma. Akalipapasa kwa kidole mpaka akakuta kichwa cha skrubu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno nimeshayapanga mdomoni. Akasema tu, polepole, "Ulikuwa na haja gani na drili, mwanangu? Ungeniambia niondoke."

Nikasema, "Mama, mimi sijasema uondoke."

Akasema, "Skrubu zimesema."

Siku ileile akampigia Beto, mdogo wake Rogelio, aje na gari Jumamosi hii amrudishe Fabens. Tangu hapo anapika, anakula kidogo, anamwogesha mtoto, na nguo zake ameshazikunja ziko ndani ya boksi la tufaha. Kule Fabens kipoza chake hakijawashwa mwaka mzima na hakuna jirani wa karibu, na Juni ndiyo hii inaingia.

Na cha ajabu, Bibi, leo ni siku ya tisa madirisha hayafunguki hata kwa nyundo na bado nyumba haipoi! Mashine haipumziki, nimeiteremsha hadi sitini na tano na hewa inayotoka kwenye matundu ni kama pumzi ya mgonjwa. Lile bomba nene linalotoka kwenye mashine limeota barafu, barafu Bibi, katika joto hili. Kwenye korido, chini ya lile tundu kubwa la dari, kila upepo ukivuma linadondoka vumbi na kuna joto kama mlango wa tanuri, nafagia mara tatu kwa siku, nikafikiri ni vumbi aliloliingiza yeye siku zile. Mtoto ametoka vipele shingoni. Rogelio atarudi kesho kutwa na mimi sijamwambia habari ya skrubu.

Naomba uniambie ukweli. Sehemu moja ya moyo wangu inasema nimwache aende, majira haya ya joto tu, atarudi Oktoba tutakapokuwa hatuna cha kugombania, na sehemu nyingine inaniambia kwamba akiondoka Jumamosi hatarudi tena. Nizitoe skrubu nishindwe, au nisimame imara kwa ajili ya mwanangu?

Mimi Mwenye Drili,
Ysleta

*

Mwenye Drili, mwanangu,

Kwanza kabisa zima hilo gari. Huwezi kumlelea mtoto kwenye maegesho mpaka Oktoba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka nikupige kofi, mara ya pili nilitaka nikupikie. Nitaanza na kofi, tulimalize. Kumfungia mtu dirisha la chumba chake kwa skrubu ni ubaya. Hilo halina maelezo wala hakuna joto linalolihalalisha. Moto ukitokea jikoni, mama wa miaka sabini na tisa mwenye moyo mgonjwa atoke wapi, kwenye bomba la bafu? Na mtoto je? Hizo skrubu zitoke leo, zote nane, kabla hujafika mwisho wa majibu yangu. Umeuliza kama ukizitoa utakuwa umeshindwa. Umeshindwa na nani? Hakukuwa na vita katika nyumba hiyo, mwanangu. Ulikuwa unapigana peke yako, na sasa nitakuonyesha.

Wewe ni mtu wa Houston. Houston hewa yenyewe ni supu, kipoza cha maji kule hakina kazi, kwa hiyo sikulaumu kwa kutojua. Mimi darasani sikukaa hata siku moja, kusoma nilijifunza nikiwa na watoto wanne, lakini miaka arobaini na moja nimepanda paa kila Aprili kubadilisha majani ya mbao ya kipoza, zile nyuzi nyembamba zinazoloweshwa maji, na mwaka mmoja nilipanda na mimba ya miezi sita, mume wangu yuko chini ameshika ngazi anasali kwa sauti. Kwa hiyo hapa nisikilize.

Kiyoyozi chako kinachukua hewa ileile ya ndani, kinaipoza, kinairudisha. Ndiyo maana kinataka nyumba iliyofungwa. Kipoza cha maji sivyo. Kile kinavuta hewa ya nje, kinaipitisha kwenye majani yaliyolowa, kinaisukuma ndani, tena ndani, tena ndani, na hewa hiyo isipotoka, upepo unasimama na nyumba inakuwa na unyevu hadi chumvi inaganda kwenye kichupa. Lazima ufungue dirisha. Na si kufungua ovyo! Ukifungua mno upepo unalegea, ukifungua kidogo mno unakwama. Kipimo chake ni kiganja. Mama yangu alipima kwa kiganja, mimi nimepima kwa kiganja, na mama mkwe wako amepima kwa kiganja maisha yake yote.

Sasa tuliza akili hapa. Kwenye nyumba ya kipoza cha maji, ubaridi unakimbilia chumba chenye dirisha wazi. Chumba kilichofungwa hakipati kitu. Ukitaka mgonjwa apoe, unamfungulia dirisha lake. Ukimpenda mgeni, unamfungulia lake unafunga la kwako.

Rudia basi ulichoandika kwa mkono wako mwenyewe. Kiganja kizima chumba cha mtoto. Kiganja kizima chumba chako. Vidole viwili jikoni unakopikia. Chumbani kwake, pamefungwa kabisa.

Umeona? Yule mama amekugawia ubaridi wote wa nyumba yako, wewe na mtoto, na yeye akajifungia kwenye joto na moyo wake mgonjwa. Kila siku. Wewe ukazunguka nyuma yake ukifunga, naye akarudi akafungua, kwa sababu alidhani unamnyima mtoto. Kila mmoja wenu alikuwa anamwokoa Ximena kutoka kwa mwenzake! Halafu ukachukua drili.

Amekosea? Ndiyo, amekosea. Dirisha wazi na kiyoyozi haviendani hata kidogo, na hapo wewe ulikuwa sahihi. Lakini nani alimweleza kwamba kanuni za nyumba zimebadilika? Ulimwambia funga. Hukumwambia kwa nini. Na mtu aliyepoza nyumba miaka hamsini ukimwambia tu "funga," anasikia kwamba amezeeka.

Rogelio, wewe nawe njoo hapa, najua mkeo atakupa ulisome hili. Wewe umekulia chini ya sanduku la kipoza. Unajua vizuri kabisa kiganja ni nini, ulikuwa unalala chini ya dirisha la kiganja kila majira ya joto, na mama yako ndiye aliyelifungua. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwako, neno moja kutoka Amarillo, na nyumba yako isingekuwa na matundu manane ya drili. Ulicheka. Haya, kazi yako inakuja hapa chini, na hutacheka.

Maana kuna jambo ambalo Mwenye Drili ameliandika na hajalisikia. Siku tisa madirisha hayajafunguka hata upana wa unywele, na nyumba bado ni tanuri. Basi si Herlinda! Angekuwa ni yeye, nyumba ingekuwa imepoa tangu Jumatatu ya kwanza. Mchawi mmemwacha ndani mkamfukuza bibi.

Lile tundu la dari kwenye korido, linalodondosha vumbi na kupumua moto, ndilo mdomo wa kipoza cha zamani. Juu yake kuna bomba pana linalopanda moja kwa moja mpaka kwenye sanduku la paani, na sanduku lile pande zake ni majani makavu tu, linapitisha hewa kama kikapu. Kwa maneno mengine, mwanangu, una dirisha la tisa, kubwa kuliko yote, liko wazi mchana kutwa kwenye dari, na hakuna aliyelipigia skrubu. Ubaridi wako unatorokea humo na joto la paa linateremkia humo. Kila mtu wa huku anajua kwamba siku unayozima maji na kuanza kiyoyozi, unachomeka bati la kuziba kwenye shingo ya lile bomba. Kuna ufa mwembamba umetengenezwa makusudi kwa ajili ya bati hilo. Sasa Rogelio, wikendi nyingine imefika. Utapanda asubuhi na mapema mabati ya paa yakiwa bado yanashikika, utafunga maji ya kile kipoza, utamwaga yaliyobaki ndani yasizalishe mbu, utachomeka bati, utaziba pembeni kwa utepe wa bati, na sanduku utalivika turubai. Kama huna bati, muulize mama yako. Nina hakika anajua lilipo, na kama halipo anajua kipimo chake.

Hilo ni dirisha la tisa. La kumi ni chujio la hewa la hicho kiyoyozi. Limewekwa Februari na hii ni mwisho wa Mei, na katikati umepita Machi na Aprili, ule upepo wa kwetu unaohamisha jangwa na kulileta sebuleni. Nina hakika hujalibadilisha, kwa kuwa ungelibadilisha ungejisifu. Nenda ulivute ulielekeze kwenye mwanga. Usipoona mwanga, mashine yako nayo haipumui. Hewa haipiti, ubaridi unajikusanya mahali pamoja, ndiyo barafu yako hiyo kwenye bomba. Na kadiri unavyozidi kuteremsha namba ndivyo barafu inavyozidi kunenepa. Sitini na tano! Unataka kuhifadhi samaki? Namba ya chini haiharakishi kitu, inaifanya mashine ihangaike muda mrefu tu. Zima kupoza, acha feni peke yake ipulize saa kadhaa mpaka barafu yote iyeyuke, weka taulo pale chini, kisha tia chujio jipya, mshale uliochorwa pembeni uelekee ndani ya mashine. Ndipo uwashe, sabini na nane, mtoto akihitaji zaidi sabini na sita, na uondoe mkono wako. Kila mwezi chujio jipya mpaka upepo wa vumbi ukome. Barafu ikirudi na chujio ni safi, hapo gesi imepungua, mwite fundi mwenye leseni, na rafiki yake Rogelio asiguse.

Huo uzio wako wa matete nao ung'oe. Najua unapendeza. Lakini ile mashine ya nje kazi yake ni kutapika joto la nyumba yako, na wewe umeifunga kitambaa mdomoni. Iachie nafasi upana wa mtu kuzunguka. Halafu kata umeme wake kwenye kile kisanduku cha ukutani, chukua mpira wa bustani, uioshe taratibu kutoka juu kwenda chini mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi ya kahawa. Taratibu, nimesema. Vile vibati vyake ni laini kama karatasi, ukivipiga maji ya nguvu vinalala na unakuwa umeiziba mwenyewe. Angalia pia kama kuna yale majani makavu yanayobingirishwa na upepo wa jangwani yamekwama nyuma yake, kwa kawaida hayakosi. Mapazia ya upande wa machweo yafungwe kuanzia saa sita. Kitanda au kabati lililokaa juu ya tundu la hewa lisogezwe.

Haya yote yakifanyika Ijumaa, Jumapili mtalala chini ya blanketi. Na vipele vya mtoto mwogeshe maji ya vuguvugu, shingo ikaushwe vizuri, visipopungua kwa siku mbili umpeleke kwa daktari wake, usinisubiri mimi.

Lakini usianze na mashine. Ukianza na mashine, Jumamosi utakuwa na nyumba baridi na boksi la tufaha halipo. Umeuliza kama umwache aende mpaka Oktoba. Hapana! Tena nakwambia hapana mara mbili. Kule Fabens ndani ya bati, Juni, kipoza hakijaguswa mwaka mzima, hakuna wa kumsikia akiita. Kila mwaka tunawazika wazee waliokuwa "wanajiweza." Na atakubali kwenda, ndicho kibaya. Atakwenda bila kulalamika kwa sababu anaamini kwamba amekuwa mzigo kwenu.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya. Gazeti hili limetoka Alhamisi, una leo na kesho. Chukua bisibisi, si drili, drili ina kelele na ameshaisikia inatosha. Anza na dirisha la chumbani kwake, toa skrubu yeye akikuona. Usilie kabla hujamaliza, bisibisi itateleza. Ukishaitoa, usimwambie "Mama, samahani lakini." Hilo "lakini" limeze. Mwambie, "Mama, sikujua kwamba ulikuwa unatupa sisi ubaridi wako." Basi. Kisha nenda kwenye dirisha linalofuata. Wanawake wa kizazi chetu hatujui la kufanya tukishukuriwa, tutatafuta kitu cha kufuta vumbi.

Baada ya hapo ndipo umweleze mashine mpya, kama unavyomweleza mtu mwenye akili, kwa sababu anayo. Mpeleke chini ya tundu la korido, mwinue mkono wake ausikie ule moto. Nakuhakikishia ataelewa kabla hujamaliza sentensi, na atamtukana Rogelio kwa majina ambayo hujawahi kuyasikia, na hapo utajua kwamba amerudi. Kisha mpe nyumba aiendeshe. Sisemi umpe ka-kazi ka kumfurahisha bibi. Nasema umpe kweli. Asubuhi kabla ya jua kupanda, mashine ikiwa imezimwa, madirisha yafunguliwe nyumba ipumue kama anavyotaka, na saa ya kuyafunga aiamue yeye. Pua yake inajua joto linaingia saa ngapi kuliko namba zako za ukutani. Wewe unajua mashine, yeye anajua jangwa. Mkikaa pamoja, mtoto wenu atakuwa na majira ya joto mazuri kuliko watoto wote wa Ysleta.

Akisema bado anataka kwenda, mwambie Ximena ana kitu cha kumwambia, umweke mtoto mikononi mwake, na utoke chumbani uwaache. Na akikataa hata hapo, nipigie simu gazetini. Nitakuja mwenyewe na nitakaa mbele ya gari la Beto, nina magoti mabovu, hataweza kuniondoa.

Sasa weka gazeti chini, mwanangu. Yuko chumbani kwake, na bisibisi unajua ilipo. Ukifika mlangoni bisha hodi kwanza usubiri aseme ingia. Ni chumba chake.

Bibi Eustolia